Niliitoa Lugha ya Mjukuu Wangu Mbele ya Wakwe

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Mimi sikusoma, naandikiwa tu, lakini maneno ni yangu.

Mjukuu wangu, nimwite Zuhura, na rafiki yake Rehema wa nyumba ya pili hapa Malindi, walijitungia lugha. Wakichukua kitendo wakikitia mkia "tiko", kikawa jina. Redio ya kaseti ni imbatiko. Jirani yetu, ambaye kazi yake kulala barazani, ni lalatiko. Mimi ni igatiko, kwa kuwa naiga kila mtu, hata mwalimu wa chuo cha Kurani akikohoa.

Walizungumza hali mimi nipo papo, nachagua mchele, najifanya sisikii. Nikaijua yote.

Zuhura akaposwa na kijana wa Ngomeni, aliyempenda mwenyewe. Siku ya kutiwa hina, mamake kijana akaja na wanawake wake. Mama huyo ana tabia: akiingia nyumba ya watu hufunua vyungu, akanusa.

"Haya nyanya, tuigie," wakaniambia.

Nikawaigia, wakacheka mpaka leso zikawavuka. Kichwa kikanivimba. Nikamwiga Zuhura, nikamwiga na Rehema, kwa visauti vyao: "Nusatiko yuwaja leo?" "Yuwaja, ficha chungu!"

Mmoja akauliza, "Nusatiko ndiye nani?"

Wallahi ningesema ni paka, yakaisha. Nikafunua sufuria ya biriani, nikatia pua, shingo nimeipinda kama yeye hasa.

Mama yule akavaa buibui lake.

"Mwanangu, ni mzaha wa watoto," nikamwambia.

"Watoto waliyasema chumbani. Wewe umeyaleta ukumbini. Kijana wangu haoi hapa."

Posa ikavunjika pale pale.

Zuhura aliisugua ile hina kwa ndimu na mchanga, haikutoka. Akawa yuwatembea na mikono ya biarusi, na bwana hana.

Nilipomwomba radhi nilidhani atanitukana. Heri angenitukana. Alisema polepole, "Nyanya, tulijua wasikia. Hatukunong'ona kwa kuwa ni wewe."

Basi wewe unayependa kuchekesha watu, ukiachiwa kusikia la ndani, liache papo hapo ulipolisikia. Wale walionichekea walikwenda zao kabla biriani haijapoa. Mimi nimebaki na mjukuu anayeniamkia kama mgeni: shikamoo, kisha basi.