Mathe Ameingilia PhD Yangu

Leo mathe, mama yangu, nusura aniangushe PhD!

Nilikuwa natetea tasnifu ya usalama wa kimataifa kwa laptop, hapa nyumbani Sachangwan.

Profesa akauliza, "Nchi mbili zilizopigana, utajuaje zinaaminiana tena?"

Nikaanza kupekua zile kurasa zangu mia tatu, mbio mbio!

Mathe, akinimiminia chai, akajibu kwa sauti: "Si uangalie kama mmoja anaweza kusafiri amwachie mwenzake ng'ombe akamue?"

Na maiki iko on. Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu profesa akacheka, akaniambia: "Hebu eleza hapo."

Wacha nieleze! Nikateremka na maelezo bila breki, kama lori kwa mteremko wetu wa Sachangwan.

Nimepita, jamani. Sasa niiteni Daktari.

Mathe naye bado ananishangaa: "Miaka sita yote ya kusoma, kwani hukuwa na simu ya kuniuliza?"