Wageni Wasiopo

Sinema mimi nazijua, tusidanganyane. Shule niliiacha mapema, lakini banda la video pale Mlabani hakuna kanda iliyonipita. Ndiyo maana juzi kule Sanje nilitamani kupiga yowe.

Watengeneza filamu wanne kutoka Dar walikuja kumpiga picha mama mmoja akianika mpunga juu ya turubai uani kwake, nami nikasogea kutazama. Mwongozaji wao, jamaa wa kofia, akamwambia, "Mama, fanya kazi kama vile hatupo."

Mama akageuza mpunga kidogo, akainua uso. "Jamani, mbona mmesimama? Karibuni viti."

"Simamisha! Mama, jifanye hutuoni."

Wakaanza upya. "Basi hata maji ya kunywa, wanangu?"

Nikamshauri jamaa amhoji tu, mama ajibu huku akiitazama kamera, kama filamu nyingine. Akanicheka. "Bwana mdogo, hii ni filamu ya kushuhudia. Hatuulizi, hatugusi kitu."

Mvua ikashuka ghafla kutoka milima ya Udzungwa. Mama akavuta pembe ya turubai peke yake, chakula cha wanawe kinalowa. "Jamani, nisaidieni!" Wanaume wanne wenye afya zao wakabaki wamesimama palepale, kamera inaendelea kurekodi.

Nikarukia pembe ya pili, tukauburuta mpunga hadi barazani.

"Umetuharibia filamu!" jamaa akafoka.

Mama akamtazama, safari hii bila karibu. "Na mpunga wangu je?"

Filamu ikitoka, yule wa shati jekundu anayekatiza mbele ya kamera ni mimi. Wale wanne msiwatafute; walishasema wenyewe kwamba hawapo.