Mpini Haupikwi Alipolala Mtoto

Nakumbuka siku moja ya Julai, mwanangu, baridi ya Othaya ilikuwa kali hata jogoo wetu aliwika akitetemeka. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya ufundi, najiona profesa wa kila kitu. Kwenye simu nilikuwa nimeona jinsi watu wanavyoloweka mbao ya mpini wa kisu ndani ya rezini, ile gundi nyepesi, kisha wanaipika kwenye oveni hadi inakuwa ngumu kama jiwe, haipasuki wala hainywi maji. Mzee Gathogo, mhunzi jirani yetu, alikuwa ameniagiza mipini ya mzeituni wa porini.

Mbao yangu ilikuwa imekaa juu ya moshi wa jikoni wiki mbili tu. Nikasema, ati imekauka. Nikailoweka, nikaitia kwenye oveni ya mke wangu. Na kwa ile baridi nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikaziba hata ufa wa chini kwa gunia. Si ndivyo tunavyofanya huku mlimani? Njeri wetu, mtoto wa miezi minne, alikuwa amelala kikapuni humo humo jikoni, penye joto. Mama yake alikuwa akichuma chai. Mimi nikatoka uani kunoa visu, nikaufunga mlango tena nyuma yangu.

Kumbe maji yaliyojificha ndani ya mbao yalichemka, rezini ikatoa povu, ikamwagika, ikaanza kuungua.

Mzee Gathogo alifika, akasimama langoni akinusa.

"Baba Njeri, unachoma tairi?"

"Ni mipini yako, mzee. Hiyo itadumu hadi kwa wajukuu wa wajukuu wako."

"Na huyu mjukuu wangu mdogo yuko wapi?"

Nilikitupa kisu. Mbio nilizokimbia, sungura angeomba nimfundishe. Nilimtoa Njeri ndani ya moshi akiwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Nikamwita. Kimya. Mzee akampokea, akamgeuza penye upepo, akamsugua mgongo. Mara Njeri akapiga chafya, akalia kilio ambacho naamini walikisikia hadi mji wa Sagana, mbali kule. Sijasikia wimbo mtamu kama ule tangu hapo. Hospitalini daktari alimsikiliza kifua, akasema ni mzima.

Mzee alingoja turudi nyumbani ndipo akanikemea, tena polepole: "Mbao ikipasuka nitatafuta nyingine. Wewe ungemtafuta wapi Njeri mwingine?"

Basi, mwanangu, mwenda pole hajikwai. Kausha mbao mpaka mizani ikuambie uzito haupungui tena, iache ipoe, ndipo uiloweke. Ukivuta hewa iliyo ndani ya mbao kwa pampu ili rezini ipenye, usitumie chupa ya kioo ya kawaida, itakupasukia usoni. Vaa glavu, na ukipiga msasa, funika pua na mdomo. Oveni iwe ya kazi hiyo peke yake, chakula kisiingie humo tena, na ikae nje kwenye kibanda kilicho wazi, nawe uwe karibu nayo, hata kama baridi inakung'ata masikio. Baridi utaiotea moto. Pumzi ikikatika haishonwi.

Mungu aipe mikono yako ujuzi na subira. Kila ukimaliza kazi, uingie nyumbani ukute wote wanapumua, wanabishana, na chai iko motoni.