Injekta za Jirani

Baba yangu alikuwa na pikapu ya dizeli iliyonizidi umri, na wakati wa vita aliitunza kama wenye magari wengi wa mji wetu wa Bunia walivyotunza yao: aliifanya isiweze kutembea. Alizifungua injekta zake zote nne, vile vyuma vifupi vinavyoenea kiganjani ambavyo kazi yake ni kupulizia mafuta ndani ya injini, zikafichwa. Gari lisilo na injekta ni banda la kuku. Wenye bunduki wakija kulitaka, na walikuja, unawafungulia geti, unawapa ufunguo, unawasaidia hata kulisukuma. Watahangaika nalo, watakutukana, pengine watakupiga, halafu watakwenda kumsumbua mwingine.

Shida ilikuwa hapo kwenye kupigwa. Mtu akipigwa sawasawa huonyesha alikoficha. Baba na jirani yetu wa pale mtaani Nyakasanza, ambaye alikuwa na pikapu ya aina ileile, walipata dawa ya jambo hilo na wakajivunia kama wameshinda uchaguzi. Walibadilishana. Baba alificha injekta za jirani, jirani akaficha za baba, na hakuna aliyemwambia mwenzake ameziweka wapi, wala hakuna aliyemwambia mkewe. Huwezi kuonyesha usichokijua. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwalimu asiye na mshahara, mwenye nafasi ya kutosha ya kukaa nyumbani na kukosoa mambo ya wengine, lakini mpango ule niliuona mzuri kabisa.

Ubovu wake ulionekana asubuhi ile ambayo watu wa kabila la jirani yetu huyu walianza kuwindwa mjini. Alikuja getini na mkewe, mama mnene, mcheshi, aliyekuwa akipika sabuni ya mawese na kuiuza mtaani. Miguu ya yule mama ilikuwa imevimba tangu zamani. Kwenda sokoni tu alipumzika njiani. Jirani alikuwa ameshika kitambaa kilichofungwa, na ndani yake mlikuwa na injekta zetu. Alikuja kurudisha za baba na kuchukua zake, akazifunge, ampakie mkewe, waondoke.

Baba hakuwapo. Alikuwa amekwenda mtaa wa Ngezi kuhani msiba.

Tulitafuta. Mama aliinua magodoro, akamwaga gunia la maharage sakafuni. Mimi nilipanda darini nikashuka na vumbi. Jirani alisimama getini akitazama barabara, na mkewe alikuwa amekaa juu ya ndoo yetu iliyogeuzwa, mikono magotini. Mwishowe mama alimwambia jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelisema.

“Lakini unashika ingine mukononi! Gari zenu ziko sawasawa. Funga hii, mwende.”

Jirani alikitazama kile kitambaa kana kwamba ndiyo kwanza anakiona.

“Hii iko ya muzee,” alisema. “Akirudi, atakimbiza ninyi na nini?”

Akamkabidhi mama. Kisha akamwinua mkewe kwenye ndoo, wakaondoka kwa miguu, yule mama akiegemea bega lake. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa wema wake, na nilimkasirikia baba kwa kuhani misiba. Baba alirudi, akaambiwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiota cha kuku, akafukua chini yake mkebe wa maziwa ya unga, akatoka nao mbio barabarani. Wenye bunduki kwenye kizuizi walimrudisha, na ilikuwa bahati kwamba walimrudisha tu. Tangu siku hiyo ule mkebe haukufichwa tena. Ulikaa kabatini karibu na sahani, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuuona.

Gari la jirani lilibaki uani kwake. Waliokuja walijaribu kuliwasha, wakashindwa, basi wakachukua matairi, kisha viti, kisha milango. Kufikia mvua za mwaka uliofuata lilikuwa mifupa, na majani yalikuwa yameota mahali pa usukani.

Mwaka huohuo ngiri ya baba, ambayo aliizoea kama mtu anavyozoea mpangaji mkorofi, iligoma kurudi ndani. Alianza kutapika. Muuguzi wa mtaani aliyekuja kumtazama alibonyeza kidogo tu, baba akapiga kelele, na yule muuguzi akasema hapa si pa dawa, hapa ni pa kisu, na kisu kiko hospitali ya Nyankunde. Njia ya Nyankunde wakati huo ilikuwa inapitika. Kesho yake hakuna aliyeweza kuisemea. Mtu wa kupasuliwa ngiri habebwi kwenye baiskeli kwa mashimo yale, na magari ya kukodi hayakuwapo tena kwa sababu nilizokwisha kuzieleza.

Tukamwita fundi. Alikuwa mtu wa Ngezi, mwingi wa maneno, ambaye kwa kumsikiliza ungedhani magari yote ya jimbo la Ituri yamezaliwa mikononi mwake. Mama alikuwa amelihifadhi lile furushi la jirani kama lilivyokuja; fundi alilifungua, akanusa, akacheka. Injekta zetu zilinuka sabuni. Jirani alikuwa amezitumbukiza ndani ya dumu la mawese yaliyochacha, yale ya mkewe ya kupikia sabuni, na kwa upande wa kuficha hilo lilikuwa wazo zuri, kwa kuwa hakuna mporaji anayeiba mafuta ya aina hiyo. Alifikiri pia kwamba chuma hakipati kutu ndani ya mafuta. Ni kweli, hakipati kutu. Lakini mawese huganda kwa baridi ya asubuhi za kwetu, na yakikaa muda mrefu huwa ulimbo.

Fundi aliziosha kwa petroli, akazifunga, akatoa hewa kwenye mipira ya mafuta, akawasha. Gari liliwaka. Lilikuwa likitetemeka lote, linagonga ko-ko-ko, linatoa moshi mweupe wenye harufu ya jiko la mandazi. Jirani mwingine, wa nyumba ya nyuma, alilala chini kwanza, kisha akachungulia juu ya ukuta kuona ni nini.

“Ngapi zimekufa?” baba aliuliza. Tulikuwa tumemweka uani kwenye kiti cha kulalia, blanketi miguuni, uso wake umekuwa wa kijivu. Alikuwa dereva wa kampuni maisha yake yote, na hakuwa tayari kuugua mahali ambapo hasikii injini.

Namna ya kujua ni rahisi. Injini ikiwa inanguruma, unalegeza kwa spana nati ya bomba la injekta moja, mafuta yanamwagika nje badala ya kuingia. Injini ikidhoofika, ujue injekta hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, hiyo ndiyo mgonjwa. Fundi alilegeza ya kwanza, injini ikayumba. Akaikaza. Alipofika ya pili, bunduki zilianza kulia upande wa kilimani.

“Ngoja bamalize,” baba alisema, macho amefumba. “Sisikie muzuri.”

Tukangoja. Fundi alipangusa mikono. Kule kilimani walipotulia, baba alifanya ishara kwa kidole, kazi ikaendelea. Ya pili haikubadilisha kitu. Ya tatu iliyumbisha. Ya nne haikubadilisha kitu.

“Ya mbili na ya ine,” baba alisema kabla fundi hajafungua mdomo.

Fundi, ambaye hakupenda kuongozwa na mgonjwa, alizitoa zile mbili, akazifunga kwenye mabomba yake zikiwa zimeelekea nje, akatuamuru tusogee kwa sababu mafuta yakitoka kwa nguvu ile yanatoboa ngozi, kisha akaniambia nizungushe ufunguo. Injekta nzima hutoa ukungu. Hizi zilidondosha matone, tena kwa uchoyo. Sindano zake za ndani zilikuwa zimenata, na alipozilazimisha zikakwaruzika kabisa.

“Iko ya kununua ingine,” alisema.

Hata yeye alijua anajisemea tu. Bunia ilikuwa imejaa mifupa ya magari, na kila mfupa ulikuwa na matundu manne pale injekta zilipokuwa. Zilikuwa chini ya migomba, ndani ya visima, kwenye kuta za nyumba ambazo wenyewe walikimbia au walikufa bila kusema. Nilipata kufikiri kwamba mtu angeweza kulima mji ule wote kwa jembe akavuna injekta.

Mama aliingia ndani. Alirudi na ule mkebe, akauweka kwenye ukingo wa injini, mbele ya fundi. Fundi aliufungua. Zilikuwa nne, zimelala ndani ya mafuta ya mashine masafi, kila moja imezungushiwa kipande cha ngozi ya kiatu. Zilikuwa zinang'aa.

“Rudisha fasi yake,” baba alisema, akinyoosha kidole kuelekea kabati ulikotoka.

“Muzee...” fundi alianza.

“Haiko yangu. Rudisha.”

Hapo nilishindwa kujizuia. Nilimwambia baba kwamba gari la zile injekta halina matairi, halina viti, halina milango, mbuzi wanalala ndani yake. Nilimwambia anataka kufa kwa ajili ya banda la mbuzi. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko inavyoruhusiwa mbele ya baba, na sikuona aibu, niliogopa. Hakunitazama.

“Yeye alikuwa anashika yangu mukononi,” alisema. “Na muke yake hawezi kutembea. Alifunga mu gari yake? Hakufunga.”

Mama alichuchumaa karibu na kiti. Mama yangu hakuwa mtu wa kubembeleza. Alizungumza kama anayemweleza mtu njia.

“Hakufunga sababu alijua weye utabeba siye. Ndiyo alisema, nilisikia na masikio yangu. Sasa weye ukikufa hapa ku kiti, ule mama alitembea na ile miguu yake bule.”

Injini ilikuwa imezimwa, na tuliwasikia kuku. Nililiona tone la jasho likishuka shavuni pa baba mpaka kwenye ndevu. Kisha alisema:

“Mbili tu. Ile mbili ingine isiguswe.”

Fundi alichukua mbili. Shaba za kuzibia, zile pete nyembamba zinazokaa chini ya injekta, zilikuwa zimekakamaa. Mama alizitia kwenye makaa mpaka zikawa nyekundu, akazitupa kwenye maji, zikalainika. Fundi alifunga, akakaza, akawasha. Injini ilitetemeka mara moja, ikatulia. Ilinguruma kwa sauti moja, kama siku za zamani tulipokuwa tukienda nayo kanisani. Baba alisikiliza, macho amefumba, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Nilitaka kufikiri ni kwa maumivu. Haikuwa kwa maumivu.

Fundi mwenyewe aliendesha. Vizuizini walimtazama mgonjwa, wakatazama gari, na baba alitapika mbele yao, jambo lililotusaidia kuliko maelezo yote. Tulifika Nyankunde mchana. Walimpasua. Daktari alisema tungechelewa kidogo zaidi, utumbo ungekuwa umeoza.

Baba alipona. Tuliporudi, kabla hata kidonda hakijafunga vizuri, alimwita fundi azitoe zile mbili, akaziosha mwenyewe, akazirudisha ndani ya mkebe pamoja na wenzake. Pikapu yetu haikutembea tena. Vita vilipokuja vibaya zaidi na mji ukamwagika barabarani, sisi pia tulikwenda kwa miguu, na baba alibeba blanketi, Biblia na ule mkebe. Fundi alimwambia amekuwa kichaa. Mimi nilimsaidia baba kuubeba penye vilima.

Jirani alirudi baada ya bunduki kupungua, wakati sisi nasi tulikuwa tumesharudi. Alikuja getini peke yake. Alikuwa amekonda, koti limemzidi. Baba alimwona kwa dirishani, na badala ya kwenda kumsalimu alikwenda kwanza kabatini. Alitoka na mkebe, akauweka mikononi mwa rafiki yake, na ndipo akampa mkono.

Jirani aliufungua. Alizitazama zote nne. Alikuwa mtu wa magari naye; hata baada ya kuoshwa, ncha mbili zilikuwa na weusi wa moto ambao zingine hazikuwa nao.

“Ilifanya kazi, hii,” alisema.

“Nilikuwa mugonjwa,” baba alisema. “Ya kukufa.”

“Ilikufikisha?”

“Ilinifikisha.”

Jirani aliitikia kwa kichwa, taratibu. Mama alikuwa ametoka jikoni akifuta mikono, akamwuliza swali ambalo sote tulikuwa tunaliogopa, mama yetu wa sabuni yuko wapi. Alisema mkewe alibaki njiani, mbali kidogo na mji wa Komanda, miguu ilikataa. Alisema hivyo tu. Mama alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye udongo, na akalia.

Baba alisimama. Hakuwa na pa kuweka mikono. Jirani alikifunga kifuniko cha mkebe, akakibonyeza pande zote kuhakikisha kimekaa, kisha akamrudishia.

“Chunga weye tu,” alisema. “Lakini mara hii, ambia mama fasi unaweka.”