Kitambaa Kilichobaki Kitini

Jumamosi, tarehe 14 Machi. Asubuhi mawingu mepesi. Kuanzia saa nne jua kali na upepo kidogo. Siku nzuri ya kuanika nguo.

Siku hiyo mke wangu alikwenda kuuza kazi zake kwenye maonyesho ya kazi za mikono kwa mara ya kwanza. Ana miaka hamsini na miwili. Amedarizi tangu usichana wake, lakini hakuwahi kukaa nyuma ya meza na kumtazama mtu asiyemjua akigeuzageuza kitambaa chake. Vitambaa vyetu vilikuwa vikitoka nyumbani kama zawadi: arusi ya huyu, mtoto wa yule, jirani aliyehamia nyumba mpya.

Nieleze kwanza kazi yenyewe ilivyofanyika. Ilikuwa kazi ya watu watatu. Dada yake mkubwa, yaani shemeji yangu, ndiye aliyekuwa anachora. Majirani walimwita Penseli, kwa sababu hakukosa penseli kwenye kilemba chake, na mara nyingi aliitafuta nyumba nzima huku imo kichwani. Alichora moja kwa moja juu ya kitambaa cheupe, kwa penseli laini na mkono mwepesi: kuku, sufuria inayochemka, jirani anayesinzia barazani. Mke wangu alipita juu ya mistari ile kwa uzi. Mimi nilifua. Nilikuwa karani wa ghala, na nilipostaafu walinipa kazi hiyo kwa utani. "Tumpe beseni, Mdogo wangu," shemeji alisema, "la sivyo atashinda hapa anatuhesabia vijiko." Wao walicheka, lakini mimi niliichukua kwa moyo wote.

Kitambaa kilichodariziwa hakikunjwi. Kinaviringishwa, uso ukiwa ndani, kisha kinafungwa kwa utepe ili nyuzi zisivutane. Kinalowekwa hivyo hivyo kwenye maji baridi yenye sabuni, halafu kinapikichwa taratibu kwa viganja mpaka maji yawe ya kijivu. Ile rangi ya kijivu ndiyo penseli inayotoka. Unakifungua wakati wa kusuuza tu. Na nyumbani tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyepata kuiandika: kilichomo ndani ya mkebe wa biskuti bado hakijashonwa, kilichowekwa kwenye kiti cha jikoni kimekwisha, nikafue. Kwa miaka kumi na mmoja hatukukosea hata mara moja.

Shemeji alifariki mwezi wa nane mwaka jana. Ndani ya mkebe aliacha vitambaa kumi vilivyochorwa. Mke wangu alivishona kimoja baada ya kingine, bila haraka. Mistari ya dada yake ilikuwa ikimezwa na uzi, na ile iliyojitokeza pembeni niliiondoa mimi kwa sabuni. Sikuwahi kuliwazia jambo hilo. Yeye aliliwazia. Alipofika kitambaa cha kumi, aliacha.

Kwenye kitambaa hicho shemeji alijichora mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote. Wiki yake ya mwisho aliomba kioo, tukamwegemeza kwa mito, akachora siku mbili kwa kupumzikapumzika. Alijichora na kilemba chake, na penseli ikichungulia kwenye kilemba. "Nimejichora na kidevu kimoja," alisema alipotuonyesha. "Vingine viwili mtagawana nyinyi warithi."

"Nikimshona nitamfunika," mke wangu aliniambia baada ya mazishi. "Acha akae hivyo hivyo."

Basi alikaa mkebeni, peke yake.

Aliyemwandikisha mke wangu kwenye maonyesho ni jirani yetu mchonga vijiko, mwanamume mwenye maneno mengi kuliko vijiko vyake. Alisema watu hupenda kuona kazi ikifanyika, kwa hiyo mke wangu abebe nyuzi, mkasi na fremu, adarizi pale pale mezani. Asubuhi ile nilitoka kwenda kuazima meza ya kukunja. Niliporudi, mchonga vijiko alikuwa mlangoni anagonga, "Twendeni, twendeni, nafasi nzuri zinakwisha!" na mke wangu alikuwa amevaa gauni lake la samawati, mkebe kwapani, anahangaika na vifungo vya viatu.

Maonyesho yalikuwa ndani ya ukumbi wa shule. Meza zilipangwa kwa safu, na sakafu ilikuwa bado na maji ya deki. Tulipewa nafasi karibu na dirisha. Alitandika shuka jeupe, akapanga vitambaa vyake tisa, akavipangua, akavipanga tena. Mkebe aliuweka mbele, wazi, umejaa nyuzi za kila rangi. Niliuona kwa macho yangu.

Saa nzima ya kwanza alikuwa akiulizwa bei anainamisha kichwa.

"Mama Watoto," mchonga vijiko alimwambia, "wewe husemi bei, unaomba msamaha. Inua uso! Hebu tazama." Akamgeukia mpita njia. "Bwana mkubwa, kijiko hiki kimechongwa na mtu aliyeshiba. Ukila nacho, lazima ushibe."

"Na nisiposhiba?"

"Ongeza chakula, kaka, kosa si la kijiko."

Mke wangu alicheka mpaka akajifuta machozi, na mteja aliyefuata alitajiwa bei macho kwa macho. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, mwalimu mkuu wa shule moja, anatafuta kitu cha kutundika ofisini. Alichukua kitambaa cha ndege, akakisogeza dirishani, akavaa miwani.

"Mguu huu una vidole vitatu," alisema. "Huu una viwili na uchafu."

"Si uchafu, mwalimu." Mke wangu alisogea. Uzi wa rangi ile ulimwishia kabla ya kidole cha mwisho, na shemeji alikuwa amekandamiza penseli pale, hata mimi nilishindwa kukitoa. "Ni penseli ya dada yangu. Yeye ndiye mchoraji."

"Basi mwambie awe anafuta kazi yake."

Mchonga vijiko alikohoa, akaanza kupanga upya vijiko vyake. Mke wangu hakueleza dada yake yuko wapi. Mwalimu alifungua mkoba, akatoa raba. "Mimi hiki kitu hakinikosi. Shika."

Mke wangu alinitazama, akakitazama kidole. Kisha alikilaza kitambaa mezani, akafuta, polepole, akapuliza vumbi la raba. Mwalimu akaridhika, akamwambia ana mkono wa dhahabu, akaondoka na ndege wake. Mke wangu aliniegemea begani.

"Si kitu," alininong'oneza. "Dada mzima yuko nyumbani." Akatabasamu. Tangu mwezi wa nane sikuwa nimeuona uso wake umekunjuka vile.

Saa sita niliwaacha, nikarudi nyumbani kwa sababu mguu wangu wa kulia hauvumilii kusimama. Jikoni, kwenye kiti, palikuwa na kitambaa kimeviringishwa na kufungwa kwa utepe.

Nilifikiri ni kazi aliyoimaliza Ijumaa akasahau kunipa. Nikapiga hesabu: jua kali, upepo upo, kwa saa moja kitakuwa kimekauka, nikipige pasi, nimpelekee kabla maonyesho hayajafungwa. Niliona jinsi atakavyofurahi. Nikachota maji baridi, nikaloweka, nikapikicha kwa viganja. Nilikuwa napiga mluzi. Maji yalipogeuka ya kijivu nilimwaga, nikachota mengine, nikaongeza sabuni, maana rangi ilikuwa nyingi kuliko kawaida. Nilipaswa kusimama hapo. Nilifanya kazi ya ghala miaka ishirini na saba. Kitu kikihamishwa, swali la kwanza ni kilichokuwapo kimepelekwa wapi. Mkebe niliuona mezani umejaa nyuzi, na sikujiuliza.

Nilipokifungua, viganja havikuhisi mshono hata mmoja. Kilikuwa cheupe chote. Upande wa juu palikuwa na alama fupi ya kijivu, pale penye penseli ya kilembani. Nilikiinua ili nione vizuri, maji yakateremka, na sikuiona tena.

Nilikianika kwa vibanio viwili. Sikujua la kufanya zaidi ya kukianika. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nikikitazama kinavyokauka, tangu saa saba mpaka saa kumi na moja.

Alirudi na sauti yake mbele. "Baba Watoto! Uko wapi? Vimebaki viwili tu! Na yule mwalimu amerudi, kaja na mwenzake, mwenzake kachukua kile cha sufuria! Mchonga vijiko kauza vinne tu, amenuna, anasema kesho anaanza kudarizi." Aliweka mkebe kwenye meza ya jikoni, nikasikia anaufungua, anatoa nyuzi. "Ngoja nimrudishe Dada mahali pake kwanza. Asubuhi nilitaka niende naye, nikaogopa mikono ya watu. Nikamviringisha, mkebe nao umeshajaa, mtu anagonga mlango, nikasema namweka kitini mara moja halafu kabatini..."

Nikasikia kiti kikivutwa.

Nilisimama. Alitokea mlangoni. Akanitazama mimi, akatazama kamba.

"Nimekifua," nilisema.

Alishuka ngazi, akaenda mpaka kwenye kamba, akakishika kitambaa kwa ncha.

"Ulitumia maji baridi?"

"Baridi."

"Ukapikicha kabla hujafungua."

"Kama siku zote."

"Kama siku zote," alirudia. Hakupaza sauti. Ningeshukuru kama angepaza. Alikigeuza upande wa pili, akakiinua dhidi ya jua lililokuwa linashuka, akakishusha, akakigusa kwa kidole kimoja akifuata njia anayoijua yeye, kilemba, shavu, kidevu kile kimoja.

"Nilikiweka mimi kitini," alisema.

"Ningefungua kwanza."

"Hujawahi kufungua kwanza. Nani alikufundisha kufungua kwanza?" Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, na gauni lake la samawati, kitambaa kikining'inia juu ya kichwa chake. "Na mimi leo nimefuta kidole kwa raba. Mbele za watu. Nikacheka."

Ndipo alipolia. Siku ya mazishi alikuwa na wageni wa kuwahudumia, na hakulia hivi. Nilikaa kando yake. Mchonga vijiko alichungulia juu ya ukuta na utani mdomoni, akatuona, akarudi kwake.

Jumapili, tarehe 15. Mawingu, baridi kidogo, hakuna upepo. Mke wangu aliamka kabla yangu. Nilimkuta jikoni amekwishapasha pasi. Alikipiga pasi kitambaa kile, pande zote mbili, akaviringisha, uso ndani, ingawa uso haukuwapo, akakifunga kwa utepe. Alitoa nyuzi zote kwenye mkebe, akakilaza humo peke yake, akafunika. Kisha alichukua vile viwili vilivyorudi na vumbi la maonyesho, akatoa beseni langu chini ya meza.

"Niachie mimi," nilisema.

"Pumzisha mguu, Baba Watoto," alijibu, kwa upole kabisa. Akabeba beseni, akaenda uani kufua mwenyewe.