Kiti cha Kushoto

Mke wangu alikuwa msemaji. Kutoka Tabora mpaka Tura, barabara iliyofuata njia ya kale ya misafara, alikaa kiti cha kushoto cha lori langu, kikapu mapajani, na mdomo haukupumzika. "Baba watoto, waone ng'ombe wale, wamejaa barabarani kama wamealikwa harusi." "Yule bibi na kuni zake, maskini, mgongo umepinda." "Mh! Baiskeli ile haina breki, haki ya Mungu." Nilinung'unika. Nilimwambia nina macho, aniache niendeshe. Lakini mguu ulikuwa umeshafika kwenye breki.

Sokoni walinisifu kwamba mzee mimi naendesha kama kijana. Miaka yote ile ya kubeba karanga na asali sikugonga hata kuku. Mzungu aliyekagua magari alipima breki na taa za lori, macho ya dereva hakuyaulizia. Nikavimba kichwa.

Alifariki wakati wa mvua, kwa homa ya siku chache. Baada ya matanga watoto walirudi makwao. Binti yetu, aliyeolewa Tura, alinisihi nikahamie kwake. Nikakataa, nikasema nitakuwa namtembelea, lori lipo. Lori ndilo pekee lililonifanya nijione bado mtu. Bila hilo ningekuwa mzee wa kukaa barazani nikisubiri kupelekwa.

Safari ya kwanza niliondoka asubuhi, jua likinipiga usoni. Kwenye kiti cha kushoto niliweka kikapu chake, kiti kisikae kitupu. Kimya kile kilinitesa kuliko vumbi. Kabla ya kufika Igalula niliona kitu cheusi mbele, nikadhani ni kivuli cha mti. Kivuli kikapiga kelele. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, lori likaserereka mpaka kwenye majani.

Alikuwa mama aliyebeba mtungi kichwani. Mtungi ulivunjika, mwenyewe alikuwa mzima. Nilishuka nikamwendea.

"Nisamehe, mwanangu, sikukuona."

Akanitazama machoni. "Shikamoo, baba," akasema taratibu. "Nilikuwa katikati ya barabara."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa miaka sijui mingapi nilikuwa naendesha kwa macho ya mke wangu. Hakuwahi kuniambia nipunguze mwendo, wala kwamba sioni. Alipiga soga tu, ili heshima yangu ibaki mahali pake. Nikakaa kwenye majani nikalia, yule mama amesimama kando yangu.

Tangu siku ile sikugusa usukani. Mkwe wangu alikuja kulichukua lori, mimi nikawa naenda Tura kwa treni, daraja la tatu, nimebanwa na mizigo ya watu. Ni salama, na siipendi. Kila kituo nasikia wauzaji wakiita dirishani, nyuso zao sizioni.

Safari moja nilipata nafasi ya dirishani. Kando yangu aliketi bwana mmoja anakula muhogo. Upweke ulinizidi, nikamwuliza, "Nje kuna nini, ndugu yangu?"

Akachungulia kidogo. "Hakuna kitu, mzee. Pori tu."

Nikamshukuru. Pori hilohilo lilimtosha mke wangu kuzungumza mpaka Tura.