Taa Zilizogawana Umeme

Majirani walimwita Mama Kwa Nini, naye hakuchukia. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, lakini hakuna pasi, redio wala kitasa kilichoingia nyumbani mwake kikasalimika. Lazima akifungue aone kilichomo tumboni. Vingine alivirudisha vizima. Vingine, tuseme ukweli, viliishia jalalani. "Kuuliza si ujinga," alisema, kisha akafungua kingine.

Sasa kilichomkosesha raha ni taa za mbele za gari la mumewe, gari kuukuu lenye umri sawa na ndoa yao. Mzee alikuwa fundi rangi wa magari. Tangu kumbukumbu zilipoanza kumtoka, alisahau bomba likimwaga maji, akasahau kama amekula au bado, ila mbele ya gari hilo mikono yake ilikumbuka kazi. Juzijuzi alilipaka upya lote, rangi ya maziwa, na kazi ilitia fora. Bahati mbaya, wiki hiyohiyo alimimina maji kwenye tundu la oili, na mtoto wao wa kwanza akaja juu.

"Mama, maji yamezidi unga," alisema kwenye simu. "Jumamosi nakuja. Nikikuta baba kaharibu kitu kingine, nalichukua gari, yaishe."

Mama alinywea. Gari lilipokuwa gereji kwa ajili ya yale maji, mzee alishinda dirishani akiuliza atapelekwa kwao lini. Likiondoka moja kwa moja, akili ya mzee itaondoka nalo, na mama atabaki na mwanamume asiyemjua.

Jumamosi asubuhi alifunga milango ya banda la gari apate giza, akawasha taa. Zikawaka kinyonge, nyekundu kama kaa linalokaribia kuzimika. Akaweka balbu mpya, yaleyale. Fyuzi ilikuwa nzima. Labda betri? Akabonyeza honi, na jirani akapiga ukuta kwa hasira. Betri ilikuwa na nguvu zake zote. Akawasha indiketa, na hapo macho yakamtoka. Kila indiketa ilipowaka, taa kubwa zilififia, na ilipozimika, zikapata nafuu kidogo.

"Ala! Mnagawana nini nyinyi?" akaziuliza.

Alisahau kabisa kwamba ni Jumamosi. Akachukua kipande cha waya, ncha moja akaigusisha kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha taa. Banda lote likawa jeupe. Kumbe umeme ulikuwa unakwenda vizuri tu. Kilichokosekana ni njia ya kurudi. Akaufuata kwa kidole waya mweusi wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ili umeme urudi kwenye betri, hadi kwenye boliti ndani ya madigadi. Kidole kikateleza. Rangi ya maziwa ilikuwa juu ya boliti, na alipoilegeza akaikuta hata chini yake, tabaka nene, safi. Chuma hakikugusa chuma.

Alifurahi kwa pumzi moja tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Rangi ile ilipakwa na nani kama si mzee?

Akaparua haraka haraka kwa kisu, akakaza boliti, na taa zikawaka kweli kweli. Hajafunga boneti, mtoto akaingia na kamba ya kuvutia gari begani, baba yake akimfuata kwa kuburuta kandambili.

"Shikamoo, mama. Unatengeneza taa? Shida ilikuwa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kutu tu. Imekula pale penye boliti." Hakumtazama usoni.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mama haikufika hata mlangoni.

"Kutu?" Mzee alikunja uso. "Kutu kwenye gari nililopaka mimi?" Akamsogeza mkewe kando, akainama, akapapasa kile chuma. "Hakuna kutu hapa. Hii ni rangi yangu. Nimepaka mpaka kwenye ethi, sasa umeme utarudi wapi? Kosa la mwanafunzi! Na hapa kaparua nani, kuku?"

Mama alijiziba mdomo. Basi, gari limekwenda.

Lakini mtoto alikuwa anamtazama baba yake kwa namna ambayo hakuwa amemtazama kwa muda mrefu. "Baba, umejuaje?"

"Nimejuaje nini? Hii si kazi yangu? Lete msasa."

Mtoto aliiweka kamba chini. Akatafuta msasa, akampa baba yake, kisha akakunja mikono ya shati na kuinama kando yake. "Haya, nionyeshe."

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia waziwazi, huku wale wawili wakianza kubishana kama msasa uliofaa ni ule laini au ule wa kukwaruza.